Sweta la Marsela Halina Mikono

Jumapili, 5 Juni 1983

Kikohozi: mara mbili asubuhi, kikavu. Joto: sijapima, kipimajoto kilibaki wodini. Daktari alisema niandike kila siku mpaka nirudi kwake Septemba. Basi naandika. Ila tangu niruhusiwe, wiki ya tatu sasa, daftari hili limeanza kula na mambo mengine. Hakuna wa kulisoma. Mama Marsela anasema mwandiko wangu ni njia ya mchwa.

Leo habari kubwa — Marsela amechaguliwa kidato cha tano! Katekista Martini alitoka na barua posta ya Karatu, akanikabidhi mlangoni mwa kanisa baada ya misa. Nimeisoma mara tatu. Shule ya bweni, mbali huko kusini, milimani, baridi kama yetu au zaidi. Nimelia kidogo nikasingizia ukungu.

Ukurasa wa pili ni orodha ya vifaa. Ndoo moja. Jembe moja. Shuka mbili. Sweta moja la bluu nzito, mikono mirefu. Na chini kabisa: atakayefika bila kifaa hata kimoja atarudishwa nyumbani. Kuripoti Jumatano tarehe 6 Julai. Lori la vitunguu la Mang'ola litamchukua Karatu Jumamosi tarehe 2.

Ndoo ipo. Jembe lipo — mimi nimekatazwa kulishika mpaka Septemba, acha likafanye kazi shuleni. Shuka, Mama Marsela atakata ile pana katikati. Sweta hakuna. Duka la kijiji lina chumvi na viberiti, basi. Arusha watu wanapanga foleni ya sabuni, sembuse sweta!

Lakini sweta niliahidi mimi. Nilimwandikia kutoka hospitali: ukifaulu, utakwenda na sweta la mkono wa baba yako. Kwa sababu najua kufuma. Naandika kwa wino: Yohani wa Qamara, miaka arobaini na miwili, mkulima wa ngano, anajua kufuma. Nje ya nyumba hii hakuna anayejua. Hasa Baba hajui.

Jumatatu, 6 Juni

Kikohozi: mara moja.

Nimeanza. Nimejifungia ghalani na magunia ya maharage. Uzi ninao, mabonge sita ya bluu nzito, Sista wa wodi alinipa siku ya kuondoka. Sindano ni spoku za baiskeli yangu mbovu, nimezisugua kwenye jiwe mpaka zimechongoka. Nne.

Wodini tulifundishwa wote, wanaume ishirini na mbili wenye vifua vibovu. Sista alisema mikono ikilala na roho inalala. Mwanzoni tulinuna. Baada ya mwezi tulikuwa tunagombania uzi. Ila Sista alitupanga kama kiwanda, kila mtu na kipande chake. Mimi mgongo na kifua. Marehemu Gwandu alifanya shingo. Mikono alifanya Moloimet, Mmasai wa Olbalbal, kitanda cha jirani yangu. Migongo yangu haikuwa na kasoro hata moja, Sista alikuwa anaipitisha kwa wengine waione.

Sasa nimekaa hapa nahesabu vitanzi mia moja na nne na ndio kwanza nafikiria: miezi minane, masweta arobaini na kitu, na sijawahi kufuma mkono hata mmoja!

Tutaona. Mtu aliyelima ekari kumi na mbili kwa maksai hawezi kushindwa na mkono wa sweta.

Alhamisi, 9 Juni

Kikohozi: mara tatu, ni vumbi la maharage.

Baba ameniona.

Alikuja ghalani kutafuta kipande cha mti. Huu ndio msimu wake. Mahindi yameingia, ngano bado, yeye anachonga fimbo. Ana fimbo zaidi ya thelathini ukutani na hakuna inayofanana na nyingine. Akafungua mlango, mwanga ukanimulika nimekaa juu ya gunia, spoku mkononi, nusu ya mgongo magotini.

Akaangalia kwa muda. Nikasema, Baba, ni sweta la mjukuu wako. Akasema: "Hospitali imekuponya kifua, ikakuharibu mikono." Akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Jioni alimtuma Leonida. Nyumba yake iko hatua kumi kutoka kwangu, lakini amemtuma mtoto wa miaka tisa: mwambie baba yako ndama amelegeza kamba. Leonida alikuwa anacheza rede na wenzake, amekuja amekasirika, ameniambia na kurudi mbio. Kesho itakuwa vivyo hivyo, nadhani. Baba akikasirika hapigi kelele. Anaacha tu kusema na wewe.

Imeniuma. Naandika hivyo hivyo, imeniuma sana.

Jumatatu, 13 Juni

Kikohozi: hakuna!

Mgongo umekwisha, kifua kimekwisha, nimeviunga. Mama Marsela amefanya shingo kwa sindano yake ya ndoano, ile anayofumia vitambaa vya makochi. Tulikaa jikoni wawili, yeye shingo, mimi namshikia. Akasema, tumeoana miaka kumi na tisa hatujawahi kukaa hivi, ulikuwa shamba au kwenye pombe. Nikasema nilikuwa shamba. Akacheka.

Marsela amejaribu. Limemkaa! Mabega sawa, kiuno sawa. Ila halina mikono. Ni kizibao. Akajigeuza geuza akasema, Baba, nitakwenda nalo hivi hivi, nitawaambia mikono inakuja.

Hapana. Mtoto wangu hatasimama mbele ya mwalimu wa zamu aulizwe mikono iko wapi.

Jumanne, 14 Juni

Nimejaribu mkono. Nimefuma asubuhi mpaka saa kumi. Kilichotoka ni soksi ya ng'ombe. Juu pembamba, chini panene, na kwenye kiwiko pana uvimbe. Leonida amekivaa kichwani. Nimefumua chote.

Najua kupanua na kupunguza kwa mgongo, mstari mrefu, unakwenda na kurudi. Mkono ni duara. Spoku nne kwa mpigo, unazunguka, unapunguza mahali ambapo sipajui. Niliiona kazi hiyo miezi minane, kitanda cha pili, na sikuwahi kuangalia. Nilikuwa naangalia mgongo wangu unavyosifiwa.

Sista amehamishwa. Gwandu hayupo. Amebaki mtu mmoja.

Alhamisi, 16 Juni

Kikohozi: mara moja.

Nimemwambia Mama Marsela nakwenda Olbalbal. Alikuwa anapiga maharage, akasimama na fimbo juu. "Baba Marsela, juzi tu umetoka kufa!" Nikasema juzi nimetoka kupona. Akasema ile baridi ya ukingo wa kreta itaingia kifuani. Nikasema nitafunga blanketi. Akasema Wamasai wenyewe wanahama huko kutafuta maji. Nikasema Moloimet hawezi kuhama, naye anatakiwa kunywa vidonge vyake kila asubuhi kama mimi, zahanati inamjua.

Halafu akaingia ndani akaanza kuchemsha viazi vya njiani. Huyu mwanamke!

Moringe, dereva wa lori la mahindi ya ghala la Olbalbal, anapita kesho alfajiri. Atanibeba.

Ijumaa, 17 Juni. Olbalbal

Kikohozi: kingi pale juu, huku chini kimetulia.

Ukungu tangu lango la Lodoare. Ukingoni hatukuona kreta wala nini, tuliona taa za lori letu zimegonga ukuta mweupe. Nilijifunga blanketi mpaka puani. Moringe akauliza kwenye gunia la sukari nimebeba nini, nalikumbatia kama mtoto. Nikasema dawa. Tukashuka upande wa pili, ukungu ukaisha ghafla, na huko chini Olbalbal — vumbi, jua, ng'ombe kwa mistari, kila mmoja na vumbi lake.

Nimempata Moloimet amekaa chini ya mgunga na wazee wa rika lake, kama sita. Tukasalimiana Kimasai, Sopa. Ipa. Nikapewa nafasi. Wakauliza habari za mvua, ngano, ng'ombe wangu, kila ng'ombe. Moloimet amenenepa! Ila macho yake yalikuwa yanakimbilia kwenye gunia langu. Nikasema, nimekuja kwa ile kazi ya wodi namba nne. Akakohoa cha uongo, nakijua kikohozi chake cha kweli. Akawaambia wenzake kwamba mimi nina dawa ya macho ya ng'ombe, twende nikamwangalie mmoja.

Tukatembea. Tukapita kichuguu. Tukapita kichuguu cha pili. Hapo ndipo akanikumbatia. "Yohani! Umeleta uzi?"

Spoku zake amezichomeka kwenye paa la nyumba ya mkewe. Ameshamfumia mjukuu wake sweta — mikono miwili na kifua cha kukisia, mtoto anaonekana kama kobe. "Watu nawaambia hospitali ilinipa. Nashipai peke yake anajua, na Nashipai anacheka." Mkewe amecheka kweli aliponiona, ameleta maziwa anacheka.

Jumamosi, 18 Juni. Olbalbal

Kazi nyuma ya kichuguu tangu ng'ombe watoke. Moloimet anafuma mkono wa kushoto, mimi naangalia kwa macho yote mawili. Anafundisha kama anavyochunga, haelezi, anakwenda tu mbele na wewe unafuata. "Hapa mfupa wa mkono unapinda. Hapa punguza mbili. Zunguka sita. Punguza mbili. Usiulize, hesabu."

Kosa moja, na ni langu. Nilipima mkono wa Marsela kwa kamba yenye mafundo. Kamba imebaki mezani nyumbani! Moloimet akasema hakuna shida, akanyoosha mkono wake akapimia hapo. Ndipo nikakumbuka wagonjwa walivyokuwa wanalalamika. Masweta yote ya wodi yetu yalikuwa na mikono ya Moloimet, mpaka kwenye vidole. Na mtu ni mrefu kama mlingoti.

Saa tisa hivi Koinet akatutokea. Ni mzee wa rika lake, amefuata mbuzi. Moloimet hakuwa na pa kuficha kitu. Akaingiza mkono wake ndani ya ule mkono wa sweta, na spoku zikining'inia. Koinet akauliza ni nini hicho. Moloimet, uso mkavu: bandeji, bandeji ya hospitali, mkono unauma, Yohani amenifunga.

Koinet akaikagua. Akabonyeza. Akakaa chini, akainua shuka, akaonyesha goti lake. Limemsumbua tangu mwaka jana. Na yeye anataka bandeji ya bluu.

Nilicheka mpaka kikohozi kikaja.

Jumatatu, 20 Juni

Nyumbani. Kikohozi: mara nne, na mgongo umekakamaa kwa lori.

Nimerudi na mkono mmoja kamili, mzuri ajabu. Wa pili nimeuanza huko huko mbele ya Moloimet, mizunguko kumi, akasema unaweza, nenda. Tarehe 2 ni siku kumi na mbili. Inatosha.

Marsela ameuvaa ule wa kushoto. Umezidi vidole vinne. Mama Marsela akauma midomo. Marsela akasema: "Barua imesema mikono mirefu, Baba." Nyumba nzima tukacheka. Basi wa kulia nao uwe hivyo hivyo.

Jambo moja linanisumbua tangu kwenye lori. Nilimcheka Moloimet na bandeji yake. Halafu tukipandisha ukingoni nikaona aibu. Watu wazima wawili, tumejificha nyuma ya kichuguu kama wezi wa mbuzi. Kwa kazi gani? Kumvalisha mtoto!

Halafu nimefika hapa nimekwenda moja kwa moja ghalani na kufunga mlango.

Ijumaa, 24 Juni

Kikohozi: mara mbili.

Siku nne za kazi, leo nimefumua zote.

Nilitoka nao nje kuupima na mwenzake. Mashimo! Vitanzi vitatu vimedondoka karibu na kiwiko, vimeteremka mpaka chini. Na nimepunguza mara mbili mahali pamoja. Ghalani ni giza, uzi ni bluu nzito, mwanga ni ule wa ufa wa mlango. Nilikuwa nafuma kwa vidole tu. Mgongo naweza hata nikiwa usingizini. Mkono siuwezi, lazima nione kila kitanzi.

Wodini tulifumia dirishani. Moloimet alinifundishia juani. Mimi nimekuja kujifungia na panya.

Nimekaa juu ya gunia na uzi umejikunja kama utumbo magotini, nikajiambia ukweli. Siku nane zimebaki. Ukifumia humu, Marsela atarudishwa. Ukifumia nje, watu watakuona. Chagua, Yohani.

Nimechagua.

Jumamosi, 25 Juni

Kikohozi: sikuhesabu.

Saa tano ukungu ulipoinuka nimetoa kigoda, nimekiweka mbele ya nyumba, penye jua, kando ya njia ya kwenda bombani. Nikakaa. Nikatoa spoku.

Wamepita wote! Nadhani na wasio na ndoo wamekwenda bombani leo. Wanawake walisalimia, walipofika kwenye mparachichi wakapasuka kwa kicheko. Katekista Martini alisimama kabisa. "Mama Yohani, hujambo?" Nikasema sijambo, leta kifua nikupime, tumbo nitapima kesho, uzi hautoshi. Wenzake wakamcheka yeye. Akaondoka.

Baba alitoka na fimbo anayochonga. Akaniona. Njia yake ya kwenda malishoni inapita hapa mbele yangu, miaka yote. Leo amezunguka nyuma ya zizi, kwenye matope, na miguu yake ile ya miaka themanini.

Niliendelea. Mizunguko kumi na tisa. Hakuna kitanzi kilichodondoka.

Jumapili, 26 Juni

Misa. Watu wameniangalia mikono wakati wa amani ya Kristo. Nikawapa yote miwili.

Mchana redio ya jirani, salamu na muziki, mimi kigodani. Mama Marsela ameleta kitambaa chake akakaa pembeni yangu. Anatarizi ndege wawili na neno KARIBU. Tumefuma mpaka jua likazama.

Baba: nyuma ya zizi, kwenda na kurudi.

Jumanne, 28 Juni

Kikohozi: mara tano. Joto lipo, nalijua. Mama Marsela ameniweka kitandani kwa nguvu na chai ya tangawizi. Siku nzima bure! Nimemwomba mkono nifumie kitandani, akaukalia.

Marsela amekaa nami. Akasema, Baba, usipomaliza siyo mwisho wa dunia, nitasema umeibiwa na nyani. Nikamwambia miezi minane nilikuwa naangalia dari. Mtihani wako uliufanya sipo. Maharage mlipanda sipo. Bibi yako alizikwa sipo. Hiki kimoja nitakuwepo. Nikaona amegeukia ukutani. Nikamwambia basi, soma barua ya shule tena, ile sehemu ya chakula.

Alhamisi, 30 Juni

Kikohozi: mara mbili. Nimeamka.

Nimefika kwenye kiwiko. Hapa punguza mbili. Zunguka sita. Usiulize, hesabu. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, nadhani mpaka bombani walisikia.

Baba amehamisha kigoda chake. Siku zote hukaa upande wa machweo. Leo amekaa upande huu, amenipa mgongo, anachonga. Hatua kumi na tano kati yetu. Nasikia kisu chake, kra, kra, na yeye lazima anasikia spoku zangu. Nikisimama, anasimama. Nikianza, anaanza. Mchana mzima hivyo.

Halafu akamwita Leonida. Mtoto akaja kwangu miguu inaburuzwa. Babu anasema kesho ukungu utachelewa, utafunga mpaka saa sita. Nikasema mwambie ahsante. Leonida akasema yeye si redio.

Nimelifikiria hilo neno la ukungu. Ukungu kwake una shida gani? Fimbo anaweza kuchonga hata gizani.

Ijumaa, 1 Julai

Ukungu mpaka saa sita na robo. Mzee alijua.

Nimefuma saa sita mchana mpaka jua lilipoishia nyuma ya kilima. Bado mizunguko sitini na nane. Bonge la mwisho liko kama limau. Lori linafika saa tatu asubuhi. Nimetaka kuendelea kwa kibatari, nikajizuia. Najua giza lilinifanya nini. Asubuhi, kwenye mwanga, popote nitakapokuwa.

Sanduku limefungwa. Ndoo, jembe, shuka. Sweta liko juu, la mkono mmoja. Mama Marsela ameweka sindano na uzi mfukoni mwa Marsela, kuunga bega ataunga mwenyewe juu ya lori, hilo analiweza. Kufuma hakuna anayeweza ila mimi.

Jumamosi, 2 Julai. Karatu, mbele ya pampu ya mafuta

Kikohozi: baadaye.

Lori lilifika saa tatu kamili limejaa magunia ya vitunguu. Mizunguko arobaini na tano bado! Halafu utingo akateremka akasema hatuondoki, dizeli hakuna, wamefuata pipa. Sijawahi kufurahia shida ya mafuta maishani mwangu.

Nimekaa juu ya gunia la vitunguu barabarani. Si mbele ya nyumba yangu tena — mbele ya Karatu yote. Wenye ng'ombe, wenye ngano, mwalimu mkuu mstaafu, Wamasai wanne wenye mikuki, magari ya watalii yanapunguza mwendo. Marsela amesimama upande mmoja, mama yake upande mwingine, kama walinzi. Kundi likakusanyika. Mmoja akasema huyu ndiye Yohani wa Qamara aliyekuwa anatiisha maksai? Nikasema ndiye, na nisipoteze hesabu tafadhali.

Baba alikuja nasi kumsindikiza mjukuu. Amevaa koti lake la kanisani. Alisimama ng'ambo ya barabara, mikono juu ya fimbo, anatazama Arusha kana kwamba inaonekana.

Bado mizunguko ishirini na tatu. Bonge likaniponyoka. Likadunda, likaviringika barabarani, uzi unafunguka, likaenda kusimama chini ya tairi la lori, upande ule wa pili. Watu wakacheka. Kicheko kikubwa, cha watu wengi. Siwezi kusimama, spoku nne ziko kwenye vitanzi. Marsela alikuwa juu ya lori anamsaidia Leonida kupanda akae naye kidogo. Mama Marsela amekwenda kutafuta maji.

Baba akavuka.

Akaweka fimbo yake chini, barabarani. Akainama — sijui alianzaje kuinama, mgongo ule! — akaingiza mkono chini ya tairi, akalitoa bonge. Akalipuliza vumbi, akaokota fimbo akaibana kwapani. Akaukunja uzi taratibu akija kwangu, anazungusha, anazungusha, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Kicheko kikakatika. Akaliweka bonge mfukoni mwa koti la kanisani, akakaa kando yangu juu ya gunia. Nikivuta, anaachia.

Tumefanya mizunguko kumi na miwili hivyo. Sasa sioni vitanzi, macho yamejaa, ndiyo sababu nimetoa daftari. Nasubiri yakauke.

Pipa limefika. Wanamimina. Utingo anawapandisha watu. Bado mizunguko kumi na mmoja. Dereva amewasha, lori lote linatetemeka, vitunguu vinadondoka, Marsela ananiita

Baba amenigonga goti kwa fimbo. Leonida yuko huko juu, hakuna wa kumtuma. Amesema mwenyewe, kwa mdomo wake:

"Acha kuandika. Fuma."